Harry Hopkins

Harry Lloyd Hopkins (Sioux City, Iowa, 17 Agosti 1890 – New York, 29 Januari 1946) alikuwa mtaalamu wa ustawi wa jamii na kiongozi wa serikali nchini Marekani, na mmoja wa washauri wa karibu zaidi wa Rais Franklin D. Roosevelt. Wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi wa miaka ya 1930 aliongoza mipango ya serikali iliyowaajiri mamilioni ya watu waliokosa kazi. Watu hao walijenga shule, hospitali, barabara, madaraja, viwanja vya ndege na bustani za umma, na wasanii miongoni mwao walichora na kuchonga kazi ambazo nyingi bado zinaonekana katika majengo hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mjumbe wa Roosevelt kwa viongozi wa Uingereza na Umoja wa Kisovyeti.

Maisha ya awali

Hopkins alizaliwa katika familia isiyo na mali nyingi. Baba yake, David Aldona Hopkins, alibadilisha kazi mara kadhaa kabla ya kufungua duka la matandiko ya farasi katika mji mdogo wa Grinnell, Iowa. Mama yake, Anna Pickett, alikuwa Mkristo Mmethodisti aliyeshika sana dini. Harry alisoma katika Chuo cha Grinnell na kuhitimu mwaka 1912. Chuo hicho kilisisitiza wajibu wa msomi kwa jamii.

Mara baada ya kuhitimu alikwenda New York kufanya kazi Christodora House, nyumba ya huduma za jamii katika mtaa wa wahamiaji maskini upande wa mashariki wa Manhattan. Huko alikutana na Ethel Gross, mhamiaji kutoka Hungaria, ambaye alimwoa mwaka 1913. Walipata wana watatu, na binti mmoja aliyefariki akiwa mchanga.

Baadaye aliajiriwa na chama cha hisani kilichoshughulikia hali ya maskini wa jiji. Mwaka 1915 alishiriki kuanzisha mpango wa kuwapa kazi ya malipo wanaume wasio na ajira katika bustani ya Bronx, badala ya kuwagawia msaada tu. Ulikuwa mpango mdogo, lakini wazo lake ndilo alilolipanua nchi nzima miaka 20 baadaye.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jeshi halikumchukua kwa sababu ya macho yake, naye akafanya kazi na Msalaba Mwekundu katika majimbo ya Kusini. Mwaka 1924 akawa mkurugenzi wa shirika la kupambana na kifua kikuu mjini New York.

Mdororo Mkuu na misaada ya dharura

Bei za hisa zilianguka mjini New York mnamo Oktoba 1929. Benki na viwanda vingi vilifungwa katika miaka iliyofuata. Kufikia mwaka 1933 takribani robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Mashirika ya hisani na serikali za miji yaliishiwa fedha za kuwasaidia.

Mwaka 1931 Roosevelt, aliyekuwa gavana wa jimbo la New York, aliunda mamlaka ya misaada ya jimbo, na Hopkins akateuliwa kuendesha shughuli zake. Roosevelt alipokuwa rais mwaka 1933 alimwita Washington aongoze Mamlaka ya Shirikisho ya Misaada ya Dharura, iliyopewa dola milioni 500. Hopkins alianza kazi kwa kasi iliyowashangaza wengi: siku ya kwanza, ndani ya saa chache, aliidhinisha zaidi ya dola milioni 5 kwa majimbo kadhaa.

Hata hivyo hakuridhika na kugawa misaada. Kutokana na kazi yake ya New York aliamini kwamba mtu anayepimwa umaskini wake kila wiki ili apewe chakula hupoteza heshima mbele ya watoto wake na mbele yake mwenyewe. Kwa maoni yake mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi alipaswa kupewa kazi na mshahara, hata kama gharama yake ni kubwa kuliko ile ya msaada.

Mnamo Novemba 1933 Roosevelt alikubali kuanzisha Mamlaka ya Kazi za Kiraia chini ya Hopkins, ili kuwavusha watu kipindi cha baridi kali. Kufikia Januari 1934 iliajiri zaidi ya watu milioni 4. Kwa miezi michache walijenga au kukarabati maelfu ya shule na barabara. Fedha za mamlaka hiyo zililipia pia mpango wa kwanza wa serikali kuu wa kuajiri wasanii, uliosimamiwa na Wizara ya Fedha. Wasanii zaidi ya 3,700 walishiriki. Kati ya kazi zao ni michoro ya ukutani ndani ya mnara wa Coit mjini San Francisco, inayoonyesha wakulima, makuli wa bandarini na watu wa mitaani wa California. Mamlaka hiyo ilifungwa majira ya kuchipua ya 1934 kwa sababu ya gharama zake.

Mamlaka ya Maendeleo ya Kazi

Mnamo Aprili 1935 Bunge la Marekani lilipitisha matumizi ya takribani dola bilioni 4.8 kwa ajili ya kazi za dharura, na mwezi uliofuata Roosevelt akaunda Mamlaka ya Maendeleo ya Kazi, iliyojulikana kwa herufi za WPA. Hopkins aliiongoza hadi mwisho wa 1938.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Halmashauri, mji au jimbo lilipendekeza mradi, likatoa ardhi na sehemu ya vifaa. WPA ililipa mishahara. Wafanyakazi wengi walichukuliwa kutoka orodha za watu waliokuwa wakipokea misaada, kwa kawaida mtu mmoja kwa kila familia. Mwanzoni mshahara ulikuwa kati ya dola 19 na 94 kwa mwezi, kulingana na ujuzi na eneo. Kwa kuwa lengo lilikuwa kuajiri watu wengi iwezekanavyo, fedha nyingi zilikwenda kwenye mishahara kuliko kwenye mashine. Ndiyo sababu majengo mengi ya WPA yametengenezwa kwa mawe na mbao za mahali yalipo, na yana kazi nyingi ya mkono.

Hapo Hopkins alitofautiana na Harold Ickes, waziri wa mambo ya ndani, aliyeongoza Mamlaka ya Kazi za Umma. Ickes alijenga mabwawa, madaraja makubwa na majengo ya gharama kupitia kampuni za makandarasi, na alikagua kila mkataba kwa makini. Kazi zake zilidumu lakini zilichelewa kuanza. Hopkins alitaka watu waanze kulipwa upesi. Wawili hao waligombania fedha na sikio la rais kwa miaka kadhaa.

Hadi ilipofungwa mwaka 1943, WPA ilikuwa imeajiri zaidi ya watu milioni 8.5. Walijenga au kukarabati takribani majengo ya umma 125,000, zaidi ya madaraja 75,000, bustani za umma zipatazo 8,000 na zaidi ya kilomita milioni moja za barabara. Uwanja wa ndege wa LaGuardia mjini New York ni mmoja wa miradi yake mikubwa. Mfano mwingine ni Timberline Lodge, hoteli iliyo kwenye mteremko wa mlima Hood katika jimbo la Oregon, iliyozinduliwa na Roosevelt mnamo Septemba 1937. Wahunzi, maseremala na wafumaji walitengeneza karibu kila kitu ndani yake kwa mkono, na walitumia tena vitu vikuukuu: nguzo za zamani za simu zilichongwa kuwa nguzo za ngazi, na vyuma vya reli vikafuliwa kuwa vifaa vya mekoni.

Sanaa katika majengo ya umma

Hopkins alishikilia kwamba msanii asiye na kazi ana njaa sawa na fundi ujenzi, na anastahili kulipwa kwa ujuzi wake mwenyewe badala ya kupewa koleo. Kwa msingi huo ulianzishwa mwaka 1935 Mradi wa Shirikisho Namba Moja, wenye sehemu za sanaa za kuchora na kuchonga, muziki, tamthilia na uandishi. Katika kilele chake uliajiri takribani watu 40,000. Sehemu ya tamthilia iliongozwa na Hallie Flanagan, ambaye naye alisoma Grinnell, na ile ya sanaa na Holger Cahill.

Wasanii wa Cahill walichora zaidi ya michoro ya ukutani 2,500 katika shule, hospitali, maktaba na viwanja vya ndege. Zaidi ya vituo 100 vya sanaa vya jamii vilifunguliwa, na watu walijifunza humo bila malipo. Kituo cha Harlem mjini New York kiliongozwa kwanza na mchongaji Augusta Savage. Jacob Lawrence, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Kimarekani wenye asili ya Afrika, alikuzwa na warsha za Harlem za miaka hiyo.

Michoro ya Hospitali ya Harlem inaonyesha kwamba fedha za umma hazikumaliza ubaguzi. Mwaka 1936 uongozi wa hospitali ulikataa baadhi ya michoro iliyopendekezwa na Charles Alston na wenzake, kwa madai kwamba ilionyesha mno watu weusi. Wasanii walipinga hadharani na hatimaye wakaruhusiwa kuendelea. Mchoro wa Alston una sehemu mbili: moja inaonyesha uganga wa jadi wa Afrika, na nyingine madaktari wa kisasa. Imehifadhiwa hospitalini hapo hadi leo.

Michoro mingi iliyo katika ofisi za posta za Marekani mara nyingi huhesabiwa kuwa ya WPA, lakini ilisimamiwa na idara nyingine ya Wizara ya Fedha, iliyochagua wasanii kwa mashindano bila kuangalia kama walihitaji msaada.

Ukosoaji

WPA ilishambuliwa tangu mwanzo. Magazeti ya upinzani yaliwachora wafanyakazi wake wakiwa wameegemea makoleo bila kufanya kazi, na wafanyabiashara walisema inaharibu soko la ajira. Wanasiasa walidai kwamba ajira zake zilitumiwa kununua kura, hasa katika uchaguzi wa 1938. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia watumishi wa serikali kuu kujihusisha na kampeni. Mwaka huohuo lilifuta mradi wa tamthilia, ambao baadhi ya wabunge waliuona kuwa wa kikomunisti.

Wengine waliilaumu kwa kutofika mbali vya kutosha. Haikuwahi kuwaajiri watu wote wasio na kazi. Amri ya rais ya mwaka 1935 ilikataza ubaguzi katika miradi yake, lakini katika majimbo ya Kusini viongozi wa mahali waliwapa Wamarekani weusi kazi za chini na kuwaondoa wakati wa mavuno ili walime mashamba ya pamba kwa ujira mdogo. Kanuni ya mtu mmoja kwa familia iliwaacha nje wanawake wengi walioolewa.

Pamoja na kasoro hizo, mpango wa Hopkins ulitofautiana sana na kazi za umma katika makoloni ya wakati huo. Nchini Tanganyika bei za mkonge, kahawa na pamba zilianguka, na serikali ya Kiingereza ikapunguza matumizi yake. Dhahabu, ikiwemo ile ya eneo la Musoma katika mkoa wa Mara wa leo, ilikuwa moja ya bidhaa chache zilizopanda bei. Mwananchi aliyekosa fedha za kodi aliweza kutakiwa kuilipa kwa kufanya kazi za umma kama vile barabara. Barabara ilijengwa huku na huku, lakini mfanyakazi wa WPA alirudi nyumbani na mshahara, na yule wa Tanganyika alirudi na deni la kodi lililofutwa.

Vita na miaka ya mwisho

Desemba 1938 Hopkins aliteuliwa waziri wa biashara. Wakati huo alikuwa ameshapatwa na misiba. Mke wake wa pili, Barbara Duncan, alifariki kwa saratani mwaka 1937, na miezi michache baadaye yeye mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo. Hakupata tena afya kamili. Mnamo Mei 1940 alihamia Ikulu ya Marekani akaishi humo zaidi ya miaka mitatu.

Januari 1941 Roosevelt alimtuma London kukutana na Winston Churchill, na Julai mwaka huohuo Moscow kukutana na Josef Stalin. Alisimamia mpango wa kuwaazima washirika silaha na vifaa, akahudhuria mikutano ya Tehran na Yalta. Mwana wake mdogo, Stephen, aliuawa vitani katika Visiwa vya Marshall mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 18. Baada ya kifo cha Roosevelt, Rais Harry Truman alimtuma tena Moscow mwaka 1945. Hiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho. Alifariki miezi michache baadaye akiwa na umri wa miaka 55, na majivu yake yalizikwa Grinnell.

Urithi

WPA ilipofungwa, vita vilikuwa vimemaliza tatizo la ajira, na sanaa yake haikuthaminiwa sana. Baadhi ya michoro ya ukutani ilipakwa rangi juu, na picha nyingi za turubai ziliuzwa kwa bei ya vitu chakavu. Tangu miaka ya 1960 watafiti na wananchi wamezitafuta na kuzikarabati. Miongoni mwa waliolipwa na mradi huo wakiwa bado hawajulikani ni Jackson Pollock, Mark Rothko na Lee Krasner, na waandishi Richard Wright na Ralph Ellison. Mradi wa uandishi ulikusanya pia masimulizi zaidi ya 2,000 ya watu waliokuwa watumwa, ambayo leo ni chanzo muhimu cha historia ya utumwa Marekani.

Shule, madaraja na bustani nyingi zilizojengwa chini ya Hopkins bado zinatumika, na kila uchumi unapoyumba mjadala wake hurudi: kama serikali imsaidie asiye na kazi kwa fedha, au imwajiri ajenge kitu kitakachobaki.