Freddie Mercury: sauti iliyobeba wimbo mrefu

Roki ya progresivu ni muziki wa nyimbo ndefu zinazobadilika njiani, kama safari yenye kona nyingi. Msikilizaji huchoka upesi asipopata sauti ya kumshika mkono. Ndiyo maana leo tunamkumbuka mtoto wa Unguja.

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akasoma shule ya bweni India. Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 aliunda bendi ya Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor, akajiita Freddie Mercury.

Queen walichota mengi katika roki ya progresivu. Mwaka 1975 walirekodi Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio. Wakaambiwa ni mrefu mno kwa redio. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, rafiki wa Mercury, aliupiga tena na tena. Ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki 9.

Sisi watangazaji tunaiona siri yake. Piano inapisha kwaya, kwaya inapisha magitaa, lakini sauti ya Mercury haimwachi msikilizaji: inaanza kwa upole, inapanda, inafoka, kisha inashuka taratibu.

Alifariki kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Ukiusikia wimbo huo, usihesabu dakika. Ifuate sauti.