Daniel Wesson: Fundi aliyesumbuliwa na risasi ndogo

Ule Wesson wa Smith & Wesson ndiye huyu: Daniel, mzaliwa wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1825. Ufundi wa bunduki aliupata kwa kaka yake, Edwin.

Mwaka 1857 yeye na Horace Smith walitoa rivolva ndogo ya mfukoni, risasi 7 za .22 zenye ganda la shaba. Enzi hizo wengi bado walimimina baruti kwa mkono, tundu moja moja. Wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wakajinunulia.

Shida? Kichwa cha risasi hakikufika hata gramu 2. Kubebeka inabebeka, ila kumzuia adui ni habari nyingine. Na ukiongeza baruti, bastola nayo lazima inenepe, la sivyo inapasuka au inakurukia mkononi.

Wakapanda taratibu hadi .32, kisha .38. Mwaka 1887 ikaja isiyo na nyundo ya nje, hainasi kwenye nguo, haifyatuki mpaka mpini ubanwe. Mwaka 1899 ikafuata .38 Special, ganda refu, baruti zaidi.

Wesson alifariki 1906. Rivolva nyingi ndogo za kujilinda bado zinakula risasi hiyo.