Dkt. Alzheimer na Maradhi Tunayoyaita Uchawi

Mimi ni mtu wa Malindi, lakini riziki imeniweka Kericho mwaka wa tisa sasa. Huku kwenye mashamba ya majani chai, hadi Bomet, nimekuta maneno yale yale ya kwetu pwani. Bibi, ambaye Wakipsigis humwita kogo, akianza kupotea njia aliyoipita miaka 40 na kikapu cha chai mgongoni, watasema amerogwa au nyumba yake ina laana. Nimesikia hata posa zikirudishwa kwa kuogopa damu ya nyumba hiyo. Na kwetu Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ndiyo maana leo nataka tumjue mtu ambaye maradhi haya yameitwa kwa jina lake.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 huko Marktbreit, mji mdogo wa Ujerumani. Alihitimu udaktari Würzburg mwaka 1887, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Huko alipata rafiki, Franz Nissl, bingwa wa kutia rangi vipande vya ubongo ili chembe zake zionekane kwa darubini. Alzheimer naye akawa mtu wa kazi mbili: kukaa na wagonjwa, na kukaa na darubini.

Mwaka 1901 ulikuwa mzito kwake. Mkewe Cecilie alifariki, akamwachia watoto watatu wadogo. Novemba mwaka huo huo akaletwa hospitalini Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51. Alikuwa akisahau, akificha vitu, akimshuku mumewe bila sababu, hata kupika kulimshinda. Daktari alimwuliza jina lake, la mumewe na chakula alichokuwa akila, akayaandika yote. Alipohamia Munich mwaka 1903 hakumsahau. Auguste alipofariki Aprili 1906, aliomba apelekewe ubongo wake.

Aliukuta umesinyaa. Nje ya chembe kulikuwa na mabonge, na ndani yake nyuzi zilizosokotana. Leo twajua mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau. Tarehe 3 Novemba 1906 aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, lakini hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, ndiye aliyeyapa maradhi hayo jina la Alzheimer kitabuni mwake. Mwaka 1912 Alzheimer alipata uprofesa Breslau, akaugua akiwa safarini kwenda huko. Moyo ulimshinda tarehe 19 Desemba 1915, akiwa na miaka 51, umri ule ule wa Auguste alipoletwa kwake.

Hakuishi kuona elimu ya jeni. Leo zinajulikana jeni tatu ambazo kasoro yake huleta maradhi haya mapema, mara nyingi kabla ya miaka 65. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Lakini familia hizo ni chache mno, hazifiki mgonjwa mmoja katika mia. Kwa wengi waliobaki kuna jeni ya APOE, ambayo aina yake ya e4 huongeza hatari tu. Wako wengi walio nayo wakafa na akili zao timamu. Watafiti waliowachunguza wazee wa Nyeri hawakuona uhusiano wa wazi kati ya aina hiyo na usahaulifu. Kinachotangulia kwa hatari ni umri wenyewe, na presha, kisukari na sigara huongeza.

Basi wazazi wenzangu, bibi wa miaka 80 anayesahau hajaitia nyumba yake doa, na mjukuu wake asinyimwe mume kwa ajili hiyo. Mpelekeni hospitali, kwani usahaulifu mwingine hutokana na mambo yanayotibika, kama ugonjwa wa tezi au upungufu wa vitamini. Asiachwe atoke peke yake. Na atakayemwita mchawi mbele yenu, mkatazeni siku hiyo hiyo, kabla neno halijafika kwa vijana wenye mapanga.