James Joule, mtengeneza bia aliyepima joto la umeme

Wasikilizaji wengi hutuuliza kwa nini chaja ya simu inapata moto, na kwa nini transfoma ya kijijini huvuma usiku kucha. Wiki hii tunajibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja, maana maswali yote mawili yalipita mikononi mwake.

James Prescott Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 mjini Salford, jirani na Manchester, Uingereza. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bia. James alikuwa mtoto dhaifu, mgongo wake una kasoro, akasomeshwa nyumbani. Baadaye yeye na kaka yake Benjamin walipelekwa kwa John Dalton, yule bingwa wa nadharia ya atomu, awafundishe hesabu na sayansi. Mwaka 1837 Dalton alipatwa na kiharusi na masomo yakaishia hapo. Chuo kikuu James hakukanyaga kama mwanafunzi.

Kiwandani kulikuwa na kazi ya kutosha, na nguvu ilitoka kwenye mvuke na makaa ya mawe. Kijana akajiuliza kama mota ya umeme isingefanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Siku hizo ilishajulikana kwamba ukizungusha waya kwenye kipande cha chuma na kupitisha mkondo wa umeme, chuma kinageuka sumaku. Ukikata mkondo, nguvu hiyo karibu yote inatoweka. Hata spika ya redio unayotusikilizia inatumia jambo hilo: waya uliozungushwa unavutwa na kusukumwa na sumaku kufuata mkondo, na karatasi ya spika inatikisika nao.

Joule aliunda mota zake, lakini hesabu zilimkatalia. Umeme wa nyakati zile ulitoka kwenye betri zinazokula madini ya zinki, na kilo ya makaa katika injini nzuri ya mvuke ilifanya kazi karibu mara tano ya kilo ya zinki. Mtu mwingine angeacha. Yeye alianza kufuatilia joto lililokuwa likipotea kwenye nyaya.

Alitumbukiza waya uliozungushwa ndani ya maji, akapitisha mkondo, akasoma kipimajoto. Desemba 1840, akiwa bado hajatimiza miaka 22, alikuwa na jibu. Waya wenye ukinzani mara mbili hutoa joto mara mbili. Lakini mkondo ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa.

Hapa tunaomba usome taratibu, hasa wewe uliyevuta umeme hivi karibuni. Pasi inachemka kwa sababu waya wake wa ndani una ukinzani mkubwa, ndiyo kazi yake. Waya wa ekstensheni haukutengenezwa kuchemka. Ukichomeka pasi na jiko la umeme pamoja kwenye ekstensheni nyembamba, mkondo unaweza kufika maradufu na joto ndani ya waya likawa mara nne. Plastiki inayeyuka na moto unawaka. Kuhusu chaja, uvuguvugu ni kawaida. Ikiunguza mkono, ichomoe.

Na transfoma? Mwaka 1842 Joule alionyesha kwamba fimbo ya chuma ikigeuzwa sumaku hurefuka kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho. Chuma cha transfoma kinafanyiwa hivyo mara nyingi kila sekunde, na sehemu kubwa ya ule mvumo inatokana na kurefuka huko.

Kilichomgharimu zaidi ni swali lililofuata. Wataalamu wengi waliamini joto ni kitu kama kimiminika kisichoonekana, hakiumbwi wala hakipotei. Joule alisema hapana, kazi yenyewe hugeuka joto. Mwaka 1843 alilieleza hilo mjini Cork, Ireland, na ukumbi ukanyamaza. Nani amsikilize mtengeneza bia? Akarudi nyumbani, akafunga mizani inayoshuka ili izungushe makasia ndani ya maji, akapima jinsi maji yalivyopata joto. Juni 1847 mjini Oxford aliambiwa afupishe maelezo. Kijana mmoja aliyekuwa tayari profesa, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliposikia alishtuka, na kuanzia hapo Joule akapata masikio.

Mwaka huo alimuoa Amelia Grimes. Thomson alisimulia kwamba alikutana na bwana harusi huyo milimani karibu na Chamonix, Ufaransa, akiwa na kipimajoto kirefu mkononi, anataka kupima joto la maji chini ya maporomoko. Fungate gani hiyo! Lakini furaha haikudumu. Mwaka 1854 Amelia alifariki, na kiwanda kikauzwa mwaka huohuo. Majaribio alikuwa akiyalipia mwenyewe hadi fedha zikapungua, na mwaka 1878 serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 1889 huko Sale. Mwaka huohuo wataalamu wa umeme waliokutana Paris walikuwa wameipa nishati kipimo chenye jina lake, jouli: takriban nguvu ya kuinua embe dogo la gramu 100 hadi mita moja. Kwenye kaburi lake imechongwa namba 772.55. Ndiyo futi ambazo uzito wa ratili moja lazima ushuke ili kupasha ratili moja ya maji nyuzi moja ya Fahrenheit.