Askofu Steere, Mtu Aliyeanza Tena



Yuko ndugu yetu mmoja ambaye kazi yake imempeleka Kisiwa Panza, kule kusini mwa Pemba, mbali na kanisa na mbali na jamaa zake. Tulipoonana naye alitueleza kwamba mwaka wake umekuwa mzito. Alichokianza kimevunjika, akiba yake imekwisha kwa maradhi ya nyumbani kwao, na sasa hata kusali kunamshinda, maana haoni faida yake. Hatukuwa na jibu la kumpa pale pale. Na kisiwa chenyewe anachokaa chajua maana ya kupigwa. Mwezi wa Machi 2024 watu 9, na 8 kati yao ni watoto, walikufa huko kwa kula nyama ya kasa yenye sumu. Mbele ya majonzi kama hayo maneno mepesi hayafai.

Basi tumeona tumwandikie yeye, nanyi nyote pamoja naye, habari za mtu ambaye jina lake twalijua sana, lakini mapigo yake hatuyakumbuki mara nyingi. Mtu huyo ni Askofu Edward Steere.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Njia ya mali na heshima ilikuwa wazi mbele yake, naye akaiacha. Katika mji wa Tamworth alijaribu kuanzisha udugu mdogo wa watu wa kuishi pamoja kwa sala na kazi. Udugu ule haukudumu. Hilo lilikuwa pigo la mapema, lakini hakurudi kwenye sheria. Alipewa ushemasi mwaka 1856 na upadre mwaka 1858, akatumika katika vijiji vya Lincolnshire, karibu na pwani.

Wakati huo Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ilikuwa imeanza kwa ombi la Livingstone la mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862 katika nchi ya mto Shire, na wenzake kadhaa wakafa pia. William Tozer akawekwa badala yake mwaka 1863, naye akamwomba rafiki yake Steere amsindikize. Steere alikusudia kukaa muda mfupi tu. Walijaribu kuketi katika mlima Morambala, mahali pakawashinda. Mwisho wa Agosti 1864 wakaingia Unguja. Huko Uingereza wengi waliona kwamba wamekimbia, na Livingstone mwenyewe alikasirika.

Hapa tusimame kidogo. Sisi twajua leo kwamba kwa kushindwa kule Injili ilipata mlango wa Unguja. Wao siku ile hawakulijua hilo. Walichokiona ni kazi iliyovunjika, makaburi waliyoyaacha nyuma, na mji mgeni wenye soko la kuuzia watu. Sultani Majid aliwapa watoto 5 wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Kazi ikaanza upya na watoto 5.

Steere akaketi chini kujifunza Kiswahili. Aliweka mashine ya kupiga chapa, na vijana wakajifunza kuitumia. Aliwasikiliza wenyeji, akaandika hadithi zao, na mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha kufundishia lugha na kitabu cha hadithi za Unguja. Mwanachuoni mmoja wa Kiislamu, Sheikh Abdulaziz, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora. Sisi tunaoishi kwa ujirani mwema na Waislamu wa Pemba tulikumbuke jambo hilo kwa shukrani.

Tusidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi tangu hapo. Mkewe alibaki Uingereza kwa sababu ya ugonjwa, na sehemu kubwa ya maisha yao ya ndoa ilikuwa ya kutengana. Afya ya Askofu Tozer iliharibika, akajiuzulu mwaka 1873. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaangusha nyumba, kikazamisha vyombo, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Mikarafuu ya Pemba kwa jumla ilisalimika, na ndipo kisiwa chetu kilipozidi kupata jina kwa karafuu. Lakini na tuseme kweli yote: karafuu zile zilitaka mikono, na watumwa wengi wakaletwa Pemba kuzichuma.

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale palipouzwa watu. Steere aliwekwa kuwa askofu mwezi wa Agosti 1874, na ujenzi aliusimamia mwenyewe. Wazee husimulia kwamba aliporudi siku moja kutoka safari alikuta nguzo kadhaa zimesimamishwa juu chini. Akaziacha, nazo wageni huonyeshwa mpaka leo. Siku ya Krismasi 1879 ibada ya kwanza ikafanyika ndani yake.

Mwaka 1876 aliongoza zaidi ya watu 50 waliotoka utumwani ili wawekwe tena bara. Walikusudia kufika mbali zaidi, lakini watu walipopenda nchi ya Masasi, makao yakawa hapo. Kwa mara nyingine shauri la kwanza lilibadilika njiani, na kazi ikaota mizizi mahali pasipotazamiwa.

Je, mtu huyu aliinuka kwa nguvu gani kila alipoanguka? Sisi twaona siri yake katika kazi aliyotuachia. Alitia katika lugha yetu sala za Kanisa na Agano Jipya. Fikirini maana ya kufasiri Zaburi. Humo mna sifa, na mna malalamiko mengi pia: mtu amezama, adui wamemzunguka, Mungu yuko kimya. Mwenye kufasiri lazima apime kila neno la kilio mpaka alipate sawasawa. Kwa hiyo siku ambayo moyo wa Steere ulikuwa mtupu, maneno ya sala yalikuwapo mezani, yakimngoja.

Ndugu yetu wa Kisiwa Panza, hili ndilo tunalotaka kukuambia. Ukikosa maneno yako, azima ya Kanisa. Fungua Sala za Jioni, soma Zaburi ya siku, hata kama moyo haufuati. Sala si malipo ya kazi iliyofanikiwa. Ni kamba ya chombo: hushikwa zaidi upepo unapochafuka.

Wala hatukuahidi kwamba utayaona matunda upesi. Steere hakuyaona yote. Soko lilifungwa, lakini watu waliendelea kuletwa kwa siri. Mwezi wa Desemba 1881 nahodha Brownrigg wa manowari ya Kiingereza aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akizuia jahazi la watumwa. Askofu akafariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata Wagwangwara waliivamia Masasi, wakachoma moto na kuchukua watu. Mtu angaliweza kusema kwamba yote yamekwisha. Lakini Masasi ilijengwa tena. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891. Na mwaka 1897 sheria ilikomesha utumwa Unguja na Pemba, miaka 15 baada ya kufa kwake. Aliyoyaombea yalijibiwa, na wengine ndio walioyaona.

Jumapili ijayo tutamtaja ndugu yetu huyu katika maombi, pamoja na wafiwa wa Kisiwa Panza na wote waliovunjika moyo katika mtaa wetu. Na kila mmoja wetu mwenye safari ya upande ule asingoje kutumwa. Maji yakijaa, avuke, abishe hodi kwake, asali naye.