Sayyid Said bin Sultan: baba aliyeishi kati ya pwani mbili

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, Oman. Vitabu vya shule humtaja kwa karafuu, mikataba na biashara ya watumwa. Hapa tumtazame kama baba ambaye bahari iliigawa jamaa yake.

Baba yake mwenyewe, Sultan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1804 akiwa safarini chomboni katika Ghuba. Said akashika utawala mwaka 1806, angali kijana. Alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, baadaye akaifanya makao yake, lakini Oman hakuiacha. Wake, masuria na watoto wake walikaa pande zote mbili. Katikati palikuwa na safari ya wiki nyingi kwa matanga. Upepo wa kaskazi ulivileta vyombo Afrika, kusi ukavirudisha Arabuni, na aliyekosa majira alingoja. Hivyo mtoto wa Unguja aliweza kukua bila kumwona ndugu yake wa Maskati.

Binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliyaeleza maisha hayo katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Sisi wanafunzi wa lugha tunapata humo jambo la thamani: mbele ya baba ilitakiwa kusemwa Kiarabu tu. Akishatoka, jumba lilijaa Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na lugha nyingine za akina mama waliotoka mbali, wengi wao wakiwa wameletwa kama watumwa.

Mwaka 1854 Said alikwenda Oman, akamwachia mwanawe Khalid Unguja. Mwaka huohuo Khalid akafariki, na Majid akashika nafasi yake. Septemba 1856 mzee alianza safari ya kurudi kwa merikebu Victoria, pamoja na mwanawe Barghash. Salme anasimulia kwamba aliamuru mbao zipakiwe, ili atakayefia njiani apate jeneza. Tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli, aliyefariki alikuwa yeye.

Ingewezekana kumzika baharini, kama ilivyokuwa kawaida ya safari. Barghash hakukubali, aliuleta mwili hadi Unguja, akateremka usiku na kumzika kimyakimya, wakati Majid yuko baharini akimtafuta baba ili amlaki. Watu wa nyumbani waliojiandaa kwa furaha walipata msiba. Kisha ndugu wakagombania urithi: Thuwaini akabaki na Oman, Majid na Zanzibar, na mwaka 1861 nchi hizo zikatenganishwa rasmi.

Said hakuliona Ziwa Tanganyika. Lakini wafanyabiashara wa pwani wa enzi yake walifika Ujiji, na wengine wakavuka hadi ng'ambo yetu ya magharibi, wakitafuta pembe na watumwa. Kiswahili tunachokisema Lusenda kina mizizi katika njia hiyo yenye machungu. Kwa Kiswahili, wingi wa tanga la chombo ni matanga. Na kukaa kwa wafiwa baada ya mazishi nako huitwa matanga. Katika jumba la Mtoni, mwaka 1856, waliongojea ya kwanza walipokea ya pili.