Joy Adamson na Mavazi ya Mababu

Bibi Joy Adamson anajulikana duniani kwa simba wake, Elsa, na kwa kitabu alichokitoa mwaka 1960. Lakini kabla ya Elsa bibi huyu alikuwa mchoraji, na hiyo ndiyo kazi yake ninayotaka tuitazame leo.

Alizaliwa Troppau, katika dola ya Austria, mwaka 1910, akafika Kenya 1937. Alianza kwa kuchora maua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikamtaka awachore watu wa Kenya kabla mila zao hazijapotea. Akazunguka pwani na bara kwa miaka kadhaa, akatoa picha zaidi ya 500. Wamo Wameru, Waembu na Watharaka.

Msomaji ajue picha zile zilifanywaje. Wakati huo wengi walikwisha kuyaacha mavazi ya ngozi, shanga na manyoya. Mtu aliombwa avae kama walivyovaa mababu, akatulia mbele ya bibi hata akamaliza. Basi ile si sura ya siku ile. Ni jana iliyoigizwa.

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kujihadhari na sura. Swali langu, hata hivyo, ni jingine: alichoacha kukichora ni nini? Oktoba 1952 serikali ile ile ilitangaza hali ya hatari. Mwaka 1954 watu wa Embu na wengi wa Meru wakaanza kutolewa majumbani mwao kwa nguvu, wakatiwa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Katika picha hizo hamna handaki wala askari. Waliotaka mila zihifadhiwe ndio hao hao waliowafungia wenye mila.

Hata hivyo, nilipopita Manyatta, juu ya mji wa Embu, nikawaonyesha wazee wawili picha hizo kitabuni, sikuona hasira. Mzee mmoja alizitaja shanga moja moja kwa majina yake. Mjukuu wake, ambaye hakupata kuyasikia kabla, alichukua kalamu akayaandika.

Bibi Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980, na majivu yake yakapelekwa mbuga ya Meru, alikozikwa Elsa. Picha zake ziko Makumbusho ya Nairobi. Anayekwenda kuzitazama na amchukue mzee wa kwao amsimulie yaliyobaki.